Nyumba Iwe Tupu

Tabata, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Najua simu umeachana nayo tangu masikio yaanze kukusumbua, ndiyo maana nimetafuta karatasi na bahasha kama ulivyotufundisha pale Morogoro. Ebenezer amenicheka. Anasema hajaona mtu akinunua stempu tangu tuoane.

Nakupa tena pole ya kufiwa na mkeo, Mama Hamida. Mwaka umepita, lakini najua kwako haujapita.

Neno langu ni hili. Mkataba wa Ebenezer kiwandani uliisha Novemba na hawakuuongeza. Mimi bado nashona, lakini mwenye nyumba ametupandishia kodi tena, na wateja wangu nao wamepandishiwa za kwao, kwa hiyo nguo wanavaa za zamani. Kilichobaki ni kiinua mgongo cha Ebenezer. Tumekubaliana tusikile hapa kidogokidogo mpaka kiishe. Tunataka nyumba iliyokwisha kujengwa, katika mji mdogo ambako maisha ni nafuu. Kwao Same hataki kurudi. Anasema hawezi kwenda kuhesabiwa na wadogo zake alichoshindwa. Mimi nikasema Masasi, kwa sababu wewe upo.

Kwa hiyo nakuuliza kama mwanafunzi: mtu ajue nini kabla ya kuhamia huko? Usinifiche, Mwalimu. Hatuna uwezo wa kukosea mara mbili.

Mwanao,
Bertila


Masasi
29 Januari 2024

Mwanangu Bertila,

Marahaba. Barua yako niliichukua Ijumaa baada ya swala, nikaisoma nimesimama palepale posta hadi karani akaniletea kiti. Umeniuliza swali zuri, na nitalijibu kwa urefu. Univumilie. Mtu aliyezoea kufundisha akipata mwanafunzi mmoja baada ya miaka mingi, hawezi kumwachia mapema.

Tuanze na huo unafuu wenyewe. Masasi ni nafuu Februari. Novemba si nafuu. Korosho zikianza kuuzwa minadani, kuanzia Oktoba, fedha huingia mjini kwa fujo. Fundi anapandisha bei, nyama inapanda, kila mtu anaoa au anaezeka. Ikifika Machi, watu walewale wanakopa unga dukani. Mgeni akija kuchungulia kwa wiki mbili anaondoka na picha ya wiki mbili. Wewe ni mshonaji: ujue kwamba kazi itakuwa tele kwa miezi michache, na miezi mingine utakaa na cherehani mkitazamana. Weka akiba kwa ajili ya hiyo mingine.

Pili, maji. Mjini bomba lipo, lakini maji huja kwa zamu. Ukipanda Newala, kwetu juu ya Uwanda wa Makonde, hali ni ngumu zaidi: mchanga unakunywa mvua yote, na maji yanakwenda kutokea chini kabisa mabondeni. Nyumba isiyo na tangi la kukingia maji ya mvua usiinunue, hata kama imepigwa vigae mpaka chooni.

Kama kati yenu kuna mwenye pumu, uniambie. Juni na Julai wakulima hupulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua yake, na vumbi lake la njano halibishi hodi.

Watu wa huku watakusalimu kwa muda mrefu kuliko mlivyozoea. Usimkatize mtu kwa kumuuliza shida iliyomleta. Ataisema akiwa anaondoka, amekwisha kusimama, na pengine mkono uko mlangoni.

Sasa ardhi, na hapa nakuomba usome mara mbili. Kwa Wayao, Wamakua na sisi Wamakonde, ukoo huhesabiwa kwa mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Anajenga pale, anapanda pale, anazeekea pale, lakini udongo ni wa ukoo wa mke. Siku hizi mambo yanabadilika, vijana wananunua viwanja vyao wenyewe, lakini viwanja vingi vya zamani vingali hivyo. Ndiyo maana wageni kutoka mikoa mingine hukosea kwa namna moja. Wanamwona mzee mwenye mvi ametoka ndani ya nyumba, wanadhani ndiye mwenye nyumba, wanamalizana naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Baada ya mwaka anatokea kaka wa mke. Wayao humwita mwenye mbumba, yaani msimamizi wa dada zake na watoto wa dada zake. Atawaambia kwamba yule mzee hakuwa na cha kuuza, na atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo mkitaka kununua, mtafuteni mwenye mbumba. Akikubali yeye na dada zake, mmenunua. Asipokubali yeye, mmepoteza.

La mwisho, usilipe mpaka nyumba iwe tupu. Kama ndani kuna mtu, awe mpangaji au mzee wa ukweni aliyebaki pale, muuzaji amtoe kwanza kwa njia zake. Ukilipa mtu akiwa bado ndani, mzigo wa kumtoa ni wako, na mtaa utakukumbuka maisha yako yote kama mgeni aliyekuja kufukuza mwenyeji.

Mimi ni mzima. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini nimezoea.

Wako,
Mwalimu Abdulazizi


Tabata, Dar es Salaam
20 Februari 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako tumeisoma pamoja. Ebenezer, ambaye huwa hasomi kitu kirefu zaidi ya risiti, aliirudia. Amesema laiti mwajiri wake angeeleza mambo hivi.

Tumepata nyumba kabla hata hatujatafuta sana. Dalali mmoja, ndugu wa jirani yetu hapa, ametuletea picha. Iko Masasi, upande wa chini ya mlima wa Mtandi. Vyumba vinne, baraza ya mbele imezungushiwa ukuta mfupi wa tofali za kuchoma, na uani kuna tangi la maji ya mvua lililochimbwa chini ya ardhi, lina mfuniko wa zege. Pembeni kuna mikorosho saba na mchungwa. Mlango wa mbele ni wa kijani. Bei ni ya chini mno kwa nyumba ya namna hiyo, mpaka nikaogopa.

Lakini nimefanya ulivyonifundisha. Nilimuuliza dalali, nyumba ni ya ukoo wa nani? Akashangaa mtu wa Dar anajua kuuliza hivyo. Akanipa simu ya mwenye mbumba mwenyewe, anaitwa Mzee Swalehe. Anasema nyumba ilikuwa ya dada yake aliyefariki bila mtoto, na dada zake waliobaki wote wameridhia kuuza. Nilimuuliza kama anakufahamu wewe. Akasema Masasi imekuwa kubwa siku hizi.

Wewe waonaje? Neno lako ndilo tunalolingoja.

Mwanao,
Bertila


Masasi
27 Februari 2024

Mdogo wangu, Mama Rukaiya,

Salaam nyingi. Nakuandikia kwa sababu hapa hakuna mtu wa kumwambia. Wewe upo Mnyambe, huko Newala, na hata ukilia sitakusikia.

Unakumbuka baada ya khitma ya mwaka ya Hamida, Swalehe alisema mbele yenu wote kwamba shemeji akae tu mpaka atakapochoka mwenyewe. Nilimwamini. Juzi nimepata barua kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, Bertila, mtoto mwema, ambaye anatafuta nyumba huku. Nyumba aliyoonyeshwa ni hii ninayokuandikia nikiwa ndani yake. Mlango wa kijani niliupaka mimi. Tangi nililichimbisha kwa kiinua mgongo changu mwaka ule niliostaafu, na Hamida akanicheka kwamba nazika pesa.

Kwa hiyo habari ya kuuzwa kwa nyumba ninayolala nimeipata kwa posta, kutoka Dar es Salaam, kwa mtu anayeniomba ushauri kama ainunue.

Nilikwenda kwa Swalehe. Hakukana. Alinikaribisha, akanipa kahawa, akaniuliza habari za mgongo wangu. Alisema watoto wa dada zake wana shida, mmoja yuko chuoni na mwingine anataka bodaboda, na alikusudia kunieleza baada ya Ramadhani ili nifunge kwa utulivu. Nilipomkumbusha ahadi yake aliniambia, "Shemeji, ukichoka au usipochoka, udongo ni wa mbumba. Wewe ndiye hutueleza hayo kila tukikaa msibani."

Nimemweleza mtoto huyu kila kitu kuhusu mji huu. Nimemweleza hata asilipe mpaka aliyemo ndani ametolewa. Sasa anangoja neno langu, na sijui niandike kama mwalimu au kama mtu wa ndani.

Kaka yako,
Abdulazizi


Mnyambe
9 Machi 2024

Kaka, shikamoo.

Umesoma sana mpaka umekuwa mgumu wa kuelewa, nisamehe. Jambo hili halina njia mbili. Mwandikie huyo binti mstari mmoja: nyumba ni yangu, niko ndani. Kama ni mwema kama unavyosema ataacha. Kisha nenda baraza la kata. Sheria ya serikali inamtambua mume. Hata shekhe wa hapa nimemuuliza, anasema mume aliyefiwa na mke asiye na mtoto ana nusu ya alichoacha. Udongo ni wao, haya, tuseme ni wao. Bati je? Tofali je? Mikorosho uliipanda kwa mkono wa nani?

Najua utasema hutaki kushitakiana na watu uliokula nao. Wao wanakula na wewe sasa hivi na wanakuuza.

Kama hutaki hayo yote, rudi nyumbani. Nyumba aliyokuwa akikaa marehemu Rukaiya wangu ipo. Mumewe Mujibu bado yumo, lakini akina mama wa hapa wamekwisha kusema arudi kwao Tandahimba. Watoto wao wanakaa kwangu, hao ni wetu. Kilichokuwa kinangojwa ni neno lako tu, maana mjomba mkubwa ni wewe. Sema neno, nyumba iwe tayari.

Mdogo wako,
Mwanaisha


Masasi
18 Machi 2024

Mwanangu Bertila,

Marahaba. Umeniuliza nionavyo, nami nitakueleza ninachokijua.

Nyumba hiyo naijua vizuri. Msingi wake ni wa mawe, umekwenda chini kuliko ilivyo kawaida. Bati lake limebadilishwa mara moja na halivuji. Tangi likijaa Aprili, watu wawili wanaweza kulitumia mpaka Septemba wakiwa waangalifu. Mvua ya kwanza msiikinge; acheni ioshe paa kwanza, ndipo muelekeze gata tangini. Chumba cha upande wa mlima kina ubaridi Juni, ndicho cha kulala wagonjwa wa homa, kisiwe cha mtoto. Mikorosho miwili iliyo karibu na njia imezeeka. Mitano iliyobaki bado itazaa miaka mingi.

Kuhusu wauzaji, umemuuliza mtu anayestahili kuulizwa. Mwenye mbumba amekubali na dada zake wamekubali. Kwa mila ya huku hapo pamekamilika.

Kuna swali moja ambalo hukuliuliza katika barua yako. Hukuuliza nani anakaa humo sasa, na akitoka atakwenda wapi. Muulize Mzee Swalehe. Jibu lake usilipokee upesi.

Tumo katika mfungo, kwa hiyo nitaishia hapa. Mkono unachoka alasiri.

Wako,
Mwalimu Abdulazizi


Tabata, Dar es Salaam
4 Mei 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Nisamehe kwa kuchelewa, mambo yamekwenda mbio.

Ebenezer alikuja huko wiki mbili zilizopita. Nilimwagiza asirudi bila kukuona, lakini alifika na basi la asubuhi, akaambiwa la kurudi linaondoka jioni ileile, na Mzee Swalehe hakumwacha hata dakika. Nimemgombeza. Ameahidi kukuomba radhi kwa mdomo wake tukihamia.

Nyumba ameipenda kuliko picha. Humo kuna mzee mmoja ambaye Swalehe alimtambulisha kama mwangalizi. Ebenezer anasema ni mzee mwenye adabu sana lakini mwongeaji wa ajabu. Alimwandalia chai na mihogo, akamtembeza kila chumba, akamfunulia tangi, akamweleza mvua ya kwanza isikingwe. Ebenezer akamwambia, "Mzee, unazungumza kama mwalimu wa mke wangu." Mzee akacheka tu. Nilipenda kusikia hilo. Nikaona huko watu wote wanajua yale unayoyajua wewe.

Nilikumbuka swali lako, nikamuuliza Swalehe mzee huyo atakwenda wapi. Akasema ana watu wake Newala, kwao hasa, na amekuwa akitamani kurudi tangu zamani. Nilifarijika, maana nisingependa kumtoa mtu. Hata hivyo nimeshika neno lako: tumemwambia Swalehe hatulipi mpaka nyumba iwe tupu. Alijaribu kutubembeleza tutangulize nusu, nikamjibu kwamba mwalimu wangu amenikataza. Amesema mzee atakuwa ametoka kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Bila wewe tungeshaibiwa. Ebenezer anasema chumba cha mbele tutakiweka kwa ajili yako, uwe unakuja kunywa kahawa jioni.

Mwanao,
Bertila


Masasi
15 Mei 2024

Mama Rukaiya,

Nitakuja. Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kwa gari la mizigo la Hamudi, ambaye amekataa nauli. Sina vitu vingi. Kabati la Hamida wamelichukua dada zake, na ni haki yao.

Utaniuliza tena kwa nini sikumwambia binti. Mumewe alikuja. Nilijua ni yeye tangu alipotaja jina getini. Swalehe alisimama kati yetu akasema, "Huyu mzee ndiye anayetuangalizia nyumba," na akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikamtazama yule kijana, viatu vyake vimepigwa rangi vizuri juu na chini soli imekwisha, ameshika mfuko wa maandazi aliyoniletea mimi, kwa jina langu, aende akampe Mwalimu kama angepata nafasi. Maandazi yenyewe alimpa mwangalizi mwishoni, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka.

Nikisema, wao wataacha. Swalehe atatafuta mwingine kabla ya msimu wa korosho. Yupo mfanyabiashara aliyekwisha kuuliza, anataka kubomoa ajenge stoo. Mimi nitatoka vilevile, na hawa watarudi kupanga chumba Tabata. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini wewe ni ndugu yangu, sitakudanganya: kilichonifunga mdomo zaidi ni aibu. Nimekuwa mwalimu wa binti huyu tangu ana miaka kumi na minne. Sikutaka anione nikiwa mtu anayeombewa ruhusa ya kulala.

Sasa neno ulilolingoja. Mujibu asitolewe. Nasema hivyo kama mjomba mkubwa, na uwaambie akina mama ni neno langu la mwisho. Nyumba ina vyumba vitatu. Mimi nitachukua kimoja na yeye akae na chake. Sisi ni wafiwa wawili, hatutapigana.

Kaka yako,
Abdulazizi


Masasi
16 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na Mama Faidha wa nyumba ya pili. Tulihamia tarehe mbili. Siku ya tatu alikuja kutusalimu, akakaa barazani, akasalimia kwa muda mrefu kama ulivyosema. Nilimwambia tunamtafuta mwalimu mstaafu anaitwa Abdulazizi, tunajua yuko Masasi lakini tunachokijua ni anwani ya sanduku tu. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Alisimama kuondoka, na mkono wake ulikuwa mlangoni aliposema, "Mwalimu mmempeleka wapi nyinyi? Si mmelala kitandani pake?"

Ebenezer hakula siku hiyo. Jioni alikwenda kwa Swalehe. Swalehe alimwambia hakumdanganya mtu, alisema mwangalizi na mzee mwenyewe hakukataa. Kisha akamkaribisha kahawa.

Nimekasirika, Mwalimu. Nakuheshimu na nimekasirika. Ulinionya nisiwe mgeni anayefukuza mwenyeji, halafu ukanyamaza mpaka nikawa ndiye. Nilikuandikia kwa furaha kwamba nimekataa kulipa kabla ya mzee kutoka. Ulisoma hayo. Ulikuwa umekaa wapi ulipokuwa unayasoma? Barazani? Mtaani sasa wanaitikia salamu zangu kwa heshima na hakuna anayeleta nguo ya kushona. Wanapeleka kwa mwingine, mbali, wanapita mbele ya mlango wangu na vitambaa vyao mikononi.

Nilimwambia Ebenezer tuirudishe. Akaniuliza turudishe kwa nani, pesa Swalehe ameshagawa. Akaniuliza pia tutalala wapi. Nikiwa mkweli, jibu sikulitafuta sana.

Rudi. Chumba cha mbele ni chako, si cha kahawa ya jioni tu. Utaishi nasi kama baba. Nakuomba. Na uniambie kwa nini.

Bertila


Mnyambe, Newala
7 Julai 2024

Mwanangu Bertila,

Marahaba. Una haki ya kukasirika, na sitakupunguzia. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa Hamudi, mwenye gari la mizigo lililonihamisha, ambaye huniangalizia sanduku la posta huko Masasi.

Ulipouliza mara ya kwanza, nilijibu kwa unyoofu, bila kujua ni nyumba ipi. Ulipouliza mara ya pili nilijua. Niliona kwamba ukweli niliokupa Januari haukugeuka uongo kwa sababu umenigusa mimi. Ningebadilisha somo katikati kwa faida yangu, usingeniamini tena katika lolote, nami nisingejiamini. Hilo ni jibu la mwalimu. Jibu jingine ni fupi: niliona haya. Barua yako ya mwezi wa tano niliisomea chumbani, kwa kuwa barazani Mama Faidha angeniona uso.

Chumba cha mbele sitakuja kukichukua. Nikija, wageni wenu watauliza mimi ni nani, nanyi mtasema Mwalimu, na mtaa mzima utajua kwamba ninakaa kwa hisani pale nilipochimba msingi. Wewe ungeamka kila siku ukiniona. Msishindane na majirani, na msijieleze. Shoneni sare za watoto wa shule kwa bei ya chini kabla ya muhula kufunguliwa. Mama akihitaji sare, hasira yake hupungua. Mikorosho ipulizieni salfa sasa, mmechelewa kidogo.

Ulitaka kujua kabla ya kuhama, na kuna jambo sikukuandikia Januari kwa sababu sikulijua vizuri. Nimelijua hapa.

Dada yangu Mwanaisha ana nyumba aliyokaa binti yake, Rukaiya, ambaye amefariki. Mume wa Rukaiya, Mujibu, alikuwa bado anakaa humo. Ukoo wetu ulitaka atoke, kama ukoo wa Hamida ulivyotaka nitoke. Mimi ndiye mjomba mkubwa, huku mimi ndiye Swalehe, na neno langu ndilo lilihitajika. Nilisema abaki, tukae wote. Nilijiona nimetenda kitu cha maana. Njia nzima kutoka Masasi, Hamudi akiendesha, nilikuwa napanga jinsi tutakavyogawana vyumba.

Nilipofika nilikuta nyumba imefagiliwa. Mitungi yote imejazwa maji, na wewe unajua nimekueleza nini kuhusu maji ya huku. Kitanda kimetandikwa. Mujibu alikuwa ameondoka kabla ya jua, kwa miguu, na godoro lake kichwani. Nilimgombeza dada yangu kwamba hakumfikishia neno langu. Aliapa kwamba alilifikisha. "Kaka, mkwe halali chini ya paa moja na mjomba wa mkewe," aliniambia. "Uliposema unakuja, ulikuwa umekwisha kumtoa. Ulitaka afe kwa haya?"

Mila hiyo naijua tangu utoto. Nimewaeleza wengi. Nilikuwa nimehesabu vyumba nikaisahau.

Nilituma mtu Tandahimba kumwita arudi, mimi nitalala kwa dada yangu. Mujibu alinijibu kwa adabu kwamba ananishukuru, na kwamba nyumba ya mjomba haiwezi kukaliwa na mkwe huku mjomba anabanana kwa dada yake. Watu wangesema nini. Watoto wake wawili huja hapa jioni kuniamkia. Wanapiga magoti mlangoni, wanasema shikamoo babu, wanachungulia ndani kidogo, kisha wanakwenda zao.

Umeniuliza kwa nini, nami nimekujibu. Hukuniuliza kama ninalala vizuri, lakini nadhani ulitaka kuuliza. Ninalala vizuri. Ni nyumba nzuri, haivuji.

Wako,
Abdulazizi